Ipcalc: Kikokotoo cha sabneti kinachokuonyesha biti zenyewe

Vikokotoo vya sabneti, yaani vyombo vya kukokotoa mipaka ya vipande vya mtandao wa kompyuta, havina uhaba. Viko kwenye tovuti, viko kwenye simu, na vingine ni majedwali ya Excel ambayo mafundi mitandao hurithishana ofisini bila mtu kukumbuka aliyeyatengeneza. Karibu vyote hutoa jibu sahihi, kwa kuwa hesabu yenyewe haina ugumu wowote kwa kompyuta, na kwa sababu hiyo usahihi peke yake hautoshi kuwa kigezo cha kuchagua kimoja na kuacha kingine. Kigezo nilichokitumia katika tathmini hii ni iwapo fundi akishalisoma jibu ataweza kueleza limetoka wapi, na iwapo programu itamsaidia kuliona kosa kabla halijafika kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mitandao. Kwa kigezo hicho, ipcalc, programu ndogo iliyoandikwa na Krischan Jodies kwa lugha ya Perl, inazishinda nyingi zenye sura ya kupendeza kuliko yake, ingawa ina kasoro ambazo anayeitumia anapaswa kuzijua mapema.

Kuipata ni jambo la amri moja. Kwenye Debian na Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, mtu huandika “sudo apt install ipcalc” na kazi imekwisha. Ni programu huria, haidai malipo wala usajili, na haina matangazo ya biashara. Hutumika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, jambo ambalo litawakwaza waliozoea kubofya, lakini kwa kazi hii naliona kuwa faida. Anayekokotoa sabneti mara nyingi yuko kwenye chumba cha seva, mbele ya ruta ambayo bado haijapata intaneti, na kumwelekeza kwenye tovuti ya kikokotoo wakati huo ni kumtaka atumie kitu ambacho ndicho kwanza anakitengeneza. Wasioipenda terminali wana njia nyingine, kwa kuwa mwandishi huyo huyo ameiweka programu yake kwenye ukurasa wa intaneti.

Tuchukue anwani 192.168.1.77 yenye kiambishi cha /26, yaani kati ya biti zake 32 (kila biti ni sifuri au moja), 26 za kwanza ni za mtandao na zilizobaki ni za kifaa. Ukiandika “ipcalc 192.168.1.77/26”, programu hurudisha mistari michache: anwani yenyewe, maski (kiambishi hicho hicho kikiandikwa kama anwani) 255.255.255.192, maski iliyogeuzwa 0.0.0.63, mtandao 192.168.1.64/26, anwani ya kwanza inayoweza kupewa kifaa, ambayo ni 192.168.1.65, anwani ya mwisho, 192.168.1.126, anwani ya brodikasti, yaani ya kuvifikia vifaa vyote kwa pamoja, 192.168.1.127, na idadi ya vifaa vinavyoweza kuingia, yaani 62. Hadi hapo hakuna jipya. Jipya liko upande wa kulia wa mistari hiyo, ambako anwani ile ile imeandikwa kwa sifuri na moja, na kati ya biti za mtandao na biti za kifaa imeachwa nafasi. Oktete (kundi la biti nane) ya mwisho ya anwani yetu, yaani 77, huonekana hivi: 01 001101. Kwenye mstari wa mtandao huonekana 01 000000, na kwenye mstari wa brodikasti 01 111111.

Nafasi hiyo moja ndiyo inayonifanya niipendekeze. Anayejifunza, awe mwanafunzi wa chuo cha ufundi au mtu anayejiandaa kwa CCNA, mtihani wa mitandao wa kampuni ya Cisco, huambiwa kwamba /26 huigawa oktete ya mwisho katika mafungu ya 64, naye huikariri orodha ya 0, 64, 128 na 192 kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Akiulizwa kwa nini 77 imo katika fungu la 64, hujibu kwamba ni kubwa kuliko 64 na ndogo kuliko 128, jibu ambalo si kosa, lakini halitamfikisha mbali siku atakapokutana na /21, ambako mpaka umeangukia katikati ya oktete ya tatu. Mbele ya safu ya biti hana haja ya kukariri: biti mbili za kushoto hazibadiliki katika mistari yote mitatu, biti sita za kulia zikiwa sifuri tupu, huo ndio mtandao, zikiwa moja tupu, hiyo ndiyo brodikasti, zilizo katikati ya hizo mbili ni za vifaa. Vikokotoo vingi vya simu havijaribu hata kulionyesha jambo hili. Aliyekwisha kulielewa na asiyetaka kulitazama kila siku anaweza kuiondoa safu hiyo kwa kuongeza “-b” kwenye amri.

Maski iliyogeuzwa, ambayo programu huipa jina la Wildcard, ina manufaa yake kwa wanaoshughulika na vifaa vya Cisco, ambako huhitajika katika orodha za kuruhusu na kuzuia trafiki na katika usanidi wa OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kupashana habari za njia. Kuipata kwa kichwa si kazi ngumu, kwani ni kuitoa kila oktete ya maski kutoka 255, lakini fundi aliyechoka saa tano usiku hupendelea kuisoma mahali ilipokwisha kuandikwa. Kinyume chake, lebo ya daraja inayotokea mwishoni mwa majibu ningependa iondolewe. Ukiiuliza ipcalc kuhusu 10.20.30.0/24 itakuambia kwamba ni “Class A”, ilhali mfumo wa madaraja, ulioamua ukubwa wa mtandao kwa namba ya kwanza ya anwani, uliachwa tangu 1993, ulipoingia utaratibu wa CIDR ambao ndio uliotuletea viambishi vyenye alama ya mkwaju. Mwanafunzi anayeiona lebo hiyo kando ya /24 huchanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa. Maneno yanayofuatana nayo, “Private Internet”, yana maana zaidi, kwa sababu yanathibitisha kwamba anwani imo katika moja ya safu tatu zilizotengwa kwa mitandao ya ndani na RFC 1918, waraka rasmi wa taratibu za intaneti wa mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Safu ya kati ndiyo inayowaponyoka watu, kwa kuwa huishia 172.31.255.255, na si mara moja mtu amejiwekea 172.32 akidhani bado yuko nyumbani kwake.

Uwezo ambao wengi hawaufahamu ni ule wa kugawa mtandao kwa mahitaji yasiyolingana, unaoitwa kwa “-s”. Tuseme shule ya bweni imepewa 10.20.30.0/24, na inahitaji anwani 100 za maabara ya kompyuta, 50 za ofisi za walimu, 20 za kamera na 10 za seva na printa. Amri “ipcalc 10.20.30.0/24 -s 100 50 20 10” huanza na hitaji kubwa na kuteremka: maabara hupata 10.20.30.0/25, walimu 10.20.30.128/26, kamera 10.20.30.192/27, na seva 10.20.30.224/28. Mwishoni huonyesha kwamba anwani 240 zimetumika na kwamba 10.20.30.240/28 imebaki bila kazi. Mgawanyo huo ni sahihi, umetoka mara moja, na mwalimu yeyote wa somo hili angeutia alama ya vyema.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo programu haiyasemi. La kwanza ni kwamba katika kila hitaji huongeza anwani mbili tu, ya mtandao na ya brodikasti. Lango, yaani anwani ya ruta ambayo vifaa vyote huitegemea ili kutoka nje, lazima ulihesabu wewe mwenyewe. Ukiomba nafasi 30 kwa ajili ya kompyuta 30 utapewa /27, ambayo ina nafasi 30 kamili, na ruta yako haitakuwa na pa kukaa. Ulipaswa kuomba 31, nawe ungepewa /26. La pili ni zito zaidi. Mgawanyo uliotolewa umepangwa bila mwanya, kila sabneti ikiwa imegandana na jirani yake, na siku shule itakapoamua kuongeza kamera hadi 40, ile /27 haitaweza kupanuliwa kuwa /26, kwa sababu ndani ya nusu ya pili ya fungu hilo, kuanzia .224 hadi .255, tayari zimo seva. Ile /28 iliyobaki haisaidii, kwa kuwa haipakani na kamera na hata ingepakana nazo isingetosha. Itabidi seva zihamishwe, na kila aliyewahi kubadilisha anwani ya seva inayotumiwa na ofisi nzima anajua siku hiyo inavyokuwa.

Ndiyo maana nasema kwamba chombo hiki ni kizuri, lakini mahali pengi kinapotumika hakikuhitajika. Safu ya 10.0.0.0/8 ina anwani 16,777,216, na shule, hospitali au hoteli haina sababu ya kujibana ndani ya /24 moja kana kwamba anwani za ndani zinauzwa kwa kilo. Shule ile ile ingeweza kuchukua 10.20.0.0/16 na kuipa kila VLAN, yaani mtandao pepe ndani ya mtandao mkuu, /24 yake, namba ya VLAN ikiwa ndiyo oktete ya tatu: VLAN 30 ni 10.20.30.0/24, VLAN 40 ni 10.20.40.0/24, na kuendelea hivyo. Mpango wa namna hiyo husomeka bila kikokotoo, na fundi mgeni anayeitwa kusaidia ataijua sabneti kwa kuitazama tu. Ubahili wa anwani ni ada iliyotoka kwenye anwani za umma na kwenye maswali ya mitihani, kisha ikahamia kwenye mitandao ya ndani ambako haina kazi.

Kwenye anwani za umma mambo ni tofauti, na hapo ipcalc inastahili nafasi yake. Akiba ya pamoja ya IPv4, aina ya anwani tulizozitumia hadi hapa, iliyokuwa mikononi mwa IANA, msimamizi wa ugawaji wa anwani duniani, iligawiwa ikaisha Februari 2011, na mteja wa biashara anayeunganishiwa faiba leo hupewa kwa kawaida /30 au /29. Chukua 203.0.113.40/29, ambayo imo katika safu iliyotengwa kwa ajili ya mifano: ni anwani nane, ya .40 ni ya mtandao, ya .47 ni ya brodikasti, zinabaki sita kuanzia .41 hadi .46, na moja kati ya hizo hushikwa na ruta ya mtoa huduma. Mteja aliyeambiwa kwamba amenunua “anwani nane” ana tano za kutumia, na ni vyema alione hilo kwenye skrini kabla hajatia saini. Programu hii inaitambua pia /31, ambayo kwa mujibu wa RFC 3021 ya mwaka 2000 huruhusiwa kwenye kiungo cha ruta mbili tu, na huihesabia anwani mbili zinazotumika, ilhali vikokotoo kadhaa vya kwenye tovuti bado hujibu kwamba haina hata moja.

Kazi nyingine inayoifanya vizuri ni kuigeuza safu ya anwani kuwa viambishi. Mara nyingi meneja huleta ombi kwa lugha ya kawaida, kwamba kompyuta kuanzia .10 hadi .50 ziruhusiwe kuingia kwenye mfumo fulani, ilhali faiawoli (kichujio cha trafiki ya mtandao) au ruta inakubali viambishi peke yake. Amri “ipcalc 192.168.1.10 - 192.168.1.50” hutoa mafungu sita: .10/31, .12/30, .16/28, .32/28, .48/31 na .50/32. Mafungu hayo sita yanaonyesha pia gharama ya kuchagua mipaka bila kufikiri. Iwapo meneja angeshauriwa kuwapa watu wake .32 hadi .63, kanuni moja ya /27 ingetosha, na anayeikagua faiawoli baada ya miaka miwili angeielewa kwa mtazamo mmoja. Mtu akitaka kuigawa /24 katika vipande vinavyolingana, huandika kiambishi cha pili baada ya cha kwanza, kwa mfano “ipcalc 192.168.1.0/24 26”, naye huorodheshewa sabneti zote nne pamoja na jumla ya vifaa, ambayo ni 248.

Sasa kasoro. Inayonikera kuliko zote ni namna programu inavyolipokea kosa la uchapaji. Ukiandika 192.168.1.300, itakuambia juu kabisa kwamba anwani si halali, kisha itaendelea kukuchapishia majibu kamili ya anwani 192.168.1.1, ambayo hukuiomba. Anayesoma kwa makini ataliona onyo, lakini anayetazama mistari ya chini peke yake, au aliyeiweka ipcalc ndani ya skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha, ataondoka na mtandao usio wake. Programu isiyojua la kujibu ingepaswa kunyamaza.

Kasoro ya pili ni ya upungufu. Ipcalc hutazama mtandao mmoja kwa wakati mmoja na haikagui mwingiliano. Haitakuambia kwamba 10.20.30.192/27 na 10.20.30.208/28 zinagombea anwani zile zile, wala haitakuonya kwamba ofisi ya tawini inatumia 192.168.1.0/24 sawa na makao makuu, hali itakayoisumbua VPN, yaani muunganisho salama kupitia intaneti, siku ofisi hizo zitakapounganishwa. Kwa ukaguzi wa aina hiyo naelekea kwenye lugha ya Python, ambayo tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 ina moduli ya ipaddress ndani yake, bila kupakua kitu kingine. Kitendo chake cha overlaps hujibu kweli au si kweli kwa mitandao miwili, na mistari michache ya skripti inatosha kuipitisha orodha nzima ya sabneti za taasisi. Moduli hiyo ina ukali ambao ipcalc haina: ukiipa 10.20.30.77/26 na kuiambia kwamba huo ni mtandao, hukataa na kutoa hitilafu, kwa sababu biti za kifaa si sifuri. Ipcalc ingekukokotolea mtandao wa .64 kimya kimya. Kwa anayeuliza swali, upole wa ipcalc unafaa zaidi. Kwa anayeandika faili la usanidi, ukali wa Python ndio unaotakiwa.

Mtumiaji ajihadhari pia na jina. Kwenye Fedora, Red Hat Enterprise Linux na jamaa zake kuna programu nyingine kabisa inayoitwa ipcalc, iliyoandikwa kwa lugha ya C, na maelekezo ya moja hayafanyi kazi kwa nyingine. Haina safu ya biti, jambo linaloiondolea thamani darasani, na mgawanyo wake hukatwa kwa ukubwa unaolingana, kwa mfano “ipcalc --split=26 192.168.1.0/24”. Badala yake inaifahamu IPv6, kizazi kipya cha anwani chenye biti 128, na inaweza kutoa majibu kwa JSON, muundo unaosomwa kirahisi na programu nyingine, hivyo kwa skripti ndiyo bora. Kwenye Debian hupatikana kwa jina la ipcalc-ng, na hakuna ubaya wa kuwa nazo zote mbili kwenye kompyuta moja. Maelekezo mengi yanayozunguka hayasemi yanazungumzia ipi. Alama ya haraka ya kuitambua ile ya Jodies ni hiyo safu ya sifuri na moja, ambayo huonekana bila kuombwa.

Kwa IPv6 nimeona sipcalc ikitosha. Hutumika kwenye terminali vilevile, huzikubali anwani za aina zote mbili, na huzionyesha IPv6 kwa urefu wake wote bila vifupisho, jambo linalomsaidia anayezianza. Ila hesabu ya huku ina sura nyingine. Idadi ya vifaa haiulizwi tena, kwa kuwa kila mtandao wa ndani hupewa /64 bila kujali una kompyuta mbili au elfu mbili, na taasisi yenye /48 ina sabneti 65,536 za kugawa itakavyo. Kila tarakimu ya IPv6 hubeba biti nne, kwa hiyo anayekata mipaka yake kwenye /48, /52, /56, /60 na /64 ataisoma sabneti kwenye tarakimu yenyewe, na sipcalc ataihitaji pale tu atakaporithi mtandao wa mtu aliyekata kwenye /59.